Chai ya Watu Hamsini

Rafu ya unga wa ngano ilikuwa tupu, na mbele yake alisimama mzee mmoja wa Kiswidi akiitazama kwa subira, kana kwamba unga ungerudi wenyewe ukimwonea huruma. Ilikuwa asubuhi ya juzi. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kesho yake kungekuja theluji ya kutisha pamoja na upepo wa kung'oa miti, na Hjulsta nzima, mtaa wetu huku Uswidi, ilikuwa imemwagika dukani. Mishumaa imekwisha. Betri zimekwisha. Maji ya chupa yamekwisha, ingawa katika mji huu maji ya bomba ni matamu kuliko hayo. Watu ambao kila siku hupishana kwenye lifti bila hata kutikisa kichwa walikuwa wakiulizana kwa sauti ya upole kama kuna aliyeona maziwa.

Nilikuwa nimekuja kumnunulia Mama vitu vyake, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekimbia. Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa jikoni kwake, nimemwambia kuwa Anti Mercy wa Jordbro, ng'ambo ya mji, ametutoka, na kwamba watu wanakutana nyumbani kwake mchana huo, mapema, kabla theluji haijaanza. Mama alikuwa akimenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Mungu amlaze mahali pema," alisema. "Lakini mimi siendi. Kwani yeye alikuja kwangu?"

Nikavaa koti. Kwenye foleni ya kulipa, mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa amekumbatia paketi ya vikombe vya karatasi, vile vyeupe vya kutupa. Mimi ni mtu mzima, nina maumivu ya mgongo na maoni makali kuhusu kodi ya nyumba, lakini pale nilikuwa na miaka minane tena.

Siku ile pia theluji ilikuwa inakuja. Tuliishi katika nyumba hii hii ambayo Mama anaishi mpaka leo, ghorofa ya nne, mimi na yeye tu, maana Baba alikuwa ameshahamia mji mwingine na maisha mengine. Shuleni mwalimu wetu, ambaye kama watoto wote wa huku tulimwita fröken, alikuwa ametufundisha kuhusu maandalizi. Kila nyumba, alisema, inapaswa kuwa na chakula, maji na mwanga wa kuwatosha watu wake kwa siku kadhaa, bila kumtegemea mtu mwingine. Alichora ubaoni makopo, mishumaa na redio ndogo. Wenzangu walipiga miayo. Mimi nilinakili kila kitu, kwa sababu nilijua nyumba yetu haikuwa na hata kimoja cha vile. Nyumba yetu ilikuwa ya kugawa. Mtu akija akasifu chapati, anaondoka nazo. Nilishaona mchele wetu ukitoka mlangoni kwenye mfuko wa plastiki mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nimeanza kuwatazama wageni wetu kwa jicho baya.

Kwa hiyo niliporudi kutoka shule nikamkuta Mama amevaa koti, akaniambia twende dukani, nilidhani ameitikia wito wa fröken. Duka lilikuwa limejaa kama nilivyoliona juzi. Mama alichukua kigari kikubwa, kile ambacho hatukuwahi kukitumia, na akaanza kukijaza. Sukari, mifuko na mifuko. Unga wa mwisho mwisho uliobaki. Majani ya chai, maziwa, mafuta, mchele. Mishumaa. Nilikuwa nikimfuata kwa fahari, nikilinganisha kigari chetu na vya Waswidi, na tulikuwa tunawashinda. Alipotia vikombe vya karatasi, paketi mbili, nilielewa mara moja. Fröken alikuwa amesema maji yanaweza kukatika, na maji yakikatika utaosha vyombo na nini? Mama yangu alikuwa amefikiria hata hilo. Alipotia maboksi ya karatasi laini za kupengea nikasema moyoni, ndiyo, tutashikwa na mafua.

Kwenye foleni alianza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikuwa yanateremka tu, na yeye alikuwa anatazama mbele. Nikaona aibu kidogo, halafu nikamhurumia. Mtu aliyezaliwa Wundanyi, huko Kenya, nilijiambia, atajuaje dhoruba ya theluji. Nikamshika mkono.

"Det är bara snö, mamma," nikamwambia. Ni theluji tu. Wakati huo alikuwa akinisemesha Kiswahili nami nikimjibu Kiswidi, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu.

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akacheka, kicheko kibaya kilichochanganyika na kilio, akanibusu kwenye kofia. "Ndiyo, mama," alisema. "Ni theluji tu."

Alikuwa amepigiwa simu kutoka nyumbani alfajiri ya siku ile. Mama yake, nyanya yangu, ambaye nilimjua kwa sauti ya simu na kwa sweta za kijani alizonifumia kubwa kuliko mwili wangu, alikuwa amefariki usingizini. Mama asingeweza kusafiri. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kinasubiri kufanywa upya, na akitoka hakuwa na hakika ya kurudi. Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Kwao Mama, mfiwa hamwambii mtoto habari za kifo. Mtoto huambiwa na watu wazima waliokuja kuketi, wakiwa wamemzunguka, ili akianza kulia apate mapaja mengi ya kulilia. Na mfiwa hapigi simu kuita watu. Watu huja wenyewe. Mama alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, Anti Mercy, na hiyo ilitosha, maana Anti Mercy ndiye aliyekuwa mkubwa wa akina mama wa huku, Wakenya, Watanzania na Wakongo, yeye ndiye aliyeanzisha sala na yeye ndiye aliyejua nani alete sufuria gani.

Kwa hiyo Mama alikuwa anaandaa nyumba ya matanga, na mimi nilikuwa naandaa handaki. Tulifanya kazi bega kwa bega alasiri nzima. Alisukuma makochi mpaka ukutani ili watu wapate nafasi ya kukaa; nikamsaidia kusukuma, nikifurahi kwamba tunakaa mbali na vioo vya dirisha. Aliazima viti kwa jirani. Nikadhani tutavichoma kwa kuota moto, nikaona ni ukatili kidogo lakini hali ni hali. Alipika sufuria kubwa ya chai ya maziwa na tangawizi, akajaza chupa za chai nne. Akakaanga mandazi mpaka kuta za jikoni zikatoa jasho. Hiliki ya yale mandazi naisikia nikiandika hapa. Mimi nilikuwa nimebandika karatasi kwenye mlango wa friji, nimeandika siku kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi na mbili, na kila siku mandazi matatu ya Mama na matatu yangu. Hesabu ilikubali. Sijawahi kujisikia salama hivyo tangu siku ile.

Saa kumi na moja giza lilikuwa limeshaingia, kama kawaida ya hapa wakati wa baridi, na theluji ilikuwa inapita dirishani ikienda upande upande. Mama alisema anajinyoosha kidogo, hajalala tangu alfajiri. "Simu ikilia pokea, usikilize, uniite," alisema, akafunga mlango wa chumba.

Ililia baada ya dakika kumi.

"Wakesho? Ni Anti Mercy, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Anti. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yuko?"

"Amelala."

"Aki maskini. Hata sitaki umwamshe. Sikiliza. Tuko hapa Rissne, kwa Mama Furaha. Tuko kama kumi na watano na wengine wanakuja wakitoka kazini. Treni za chini bado zinatembea. Sasa, tuje sahii ama tumwache apumzike kwanza? Wewe unaonaje?"

Kwao, Anti Mercy asingeuliza. Angefika, angesukuma mlango, angevua viatu. Lakini alikuwa amekaa Uswidi miaka mingi, na huku hata dada yako humpigii hodi kabla hujampigia simu. Adabu ya watu ilikuwa imemwingia, na adabu hiyo ndiyo iliyompa mtoto wa miaka minane nafasi ya kuamua.

Kumi na watano. Nilitazama karatasi yangu kwenye friji. Niliwaona wote wamekaa, kila mmoja na kikombe, kila mmoja na mandazi mawili mkononi na la tatu kwenye leso, na kesho yake mimi na Mama gizani bila kitu, na Mama analia tena, safari hii kwa njaa. Niliona kwamba asipokuwepo mtu wa kumlinda mama yangu dhidi ya ukarimu wake, tutakufa.

"Msije," nikasema.

"Unasema?"

"Mama amesema msije. Amesema anataka kuwa peke yake."

Hiyo ya mwisho sikuitoa nyumbani. Niliitoa nje. Nilishajua kwamba katika nchi hii hakuna sentensi yenye nguvu kama hiyo. Mtu mzima akisema anataka kuwa peke yake, hata mumewe huondoka chumbani. Na niliisema kwa Kiswahili safi, bila neno moja la Kiswidi, kwa sababu Anti Mercy alikuwa na tabia ya kujifanya kiziwi ukimchanganyia lugha. Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake na mlio wa vifuniko vya sufuria.

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, Anti."

"Haya, mwanangu," alisema polepole. "Mwambie tumesikia."

Kutoka Rissne mpaka kwetu ni vituo vitatu. Treni inapita chini ya ardhi, theluji haiigusi. Wangefika kabla chai haijaanza kupoa.

Mama aliamka, akaoga, akavaa gauni lake jeusi na kufunga leso kichwani. Akapanga vikombe mezani, safu baada ya safu, vyote hamsini. Akawasha mshumaa. Nilimuuliza kwa nini anawasha na umeme haujakatika, akasema, "Ngoja kidogo, utaelezwa." Akakaa kwenye kiti kilichoelekea mlango. Kila lifti ilipopanda alinyoosha mgongo. Lifti ikipita ghorofa yetu, mgongo unarudi. Nilikaa sakafuni nikila mandazi yangu ya siku ya kwanza, matatu, nikimwangalia. Aliuliza mara moja tu, "Wakesho, simu haikulia?" Nikasema haikulia. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefanya jambo baya, ingawa sikujua ni jambo gani, maana mtu akisema uongo kwa ajili ya jambo jema moyo wake haudundi hivyo.

"Basi ni theluji," alisema. "Theluji imewazuia."

Hakupiga simu kuuliza. Mfiwa hapigi. Akazima mshumaa kwa vidole, akarudisha vikombe kwenye paketi kimoja kimoja.

Siku ya pili hakuna aliyekuja. Siku ya tatu jua lilitoka, mabasi yakarudi barabarani, na bado hakuna aliyekuja. Mchana wake Mama aliniita kwenye kochi lililokuwa bado limesukumwa ukutani, akafanya jambo ambalo kwao halifanywi. Aliniambia mwenyewe. Hakuwa na sauti ya kutosha. Alianza sentensi mara tatu, akamtaja mama yake kwa jina lake la utotoni ambalo sijawahi kulisikia, na mwisho akasema tu, "Nyanya yako hayupo tena, na mimi sina mtu wa kunisaidia kukuambia." Nilimkumbatia. Kichwa changu kilikuwa kwenye kifua chake, na macho yangu yalikuwa kwenye zile paketi mbili za vikombe juu ya kabati, na vitu vyote vilivyonunuliwa siku ile vilianza kubadilika mbele yangu kimoja baada ya kingine, sukari, viti, makochi, karatasi laini, mpaka nikabaki na simu peke yake. Nilitaka kusema. Niliogopa kwamba nikisema hatanikumbatia tena. Mandazi yaliyobaki niliyala kwa siku tisa, matatu kila siku, nikiyasukuma kwa maji.

Walikuja baada ya wiki mbili, watatu tu, wakakaa pembeni pembeni mwa makochi na makoti yao mapajani. Anti Mercy alisema, "Pole sana, Mama Wakesho. Tumekuombea tukiwa mbali." Mama alijibu kwa heshima kubwa, ile heshima anayoitumia kwa watu asiowapenda.

"Asante. Najua theluji ilikuwa mbaya."

Anti Mercy alifungua mdomo. Alimtazama Mama, halafu akageuka akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama na sinia la chai. Sijui aliona nini usoni kwangu. Alinitazama mpaka nikadhani nitaanguka. Kisha akachukua kikombe chake.

"Ndiyo," alisema. "Ilikuwa mbaya sana."

Alinifichia. Wale wawili wengine walimshangaa lakini hawakusema kitu. Na kwa kunifichia mimi alimpoteza Mama. Mama aliacha kwenda kwenye ibada za akina mama huko Rissne. Akitajiwa Anti Mercy alikuwa anasema, "Yule wa kuogopa theluji?" na kucheka peke yake. Anti Mercy alituma salamu, alituma chapati za Krismasi, mwaka nilipomaliza shule alinitumia saa ya mkononi. Mama alipokea kila kitu, akashukuru, hakurudi. Huko nje wakasema Mama Wakesho amekuwa Mswidi, siku hizi anaomboleza kwa miadi. Na mimi nilikua katikati ya wanawake hao wawili nikiwa na dawa ya ugonjwa wao mdomoni, miaka ishirini na zaidi, nikisema nitasema nikifika sekondari, nitasema nikipata kazi, na Anti Mercy alipougua, nitasema akipona.

Juzi nilirudi kutoka dukani bila unga na bila sukari. Viazi vilikuwa tayari kwenye maji. Nilikaa mezani na koti langu nikamwambia yote, kuanzia karatasi ya kwenye friji mpaka sinia la chai, na safari hii nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu kuna mambo ambayo ukimwambia mama yako kwa Kiswidi ni kama hujamwambia.

Nilitarajia anipige kelele. Alikaa. Alijikausha mikono kwenye aproni muda mrefu, kidole baada ya kidole.

"Miaka yote hii," alisema, "kila Jumapili namwomba Mungu anisaidie kumsamehe Mercy. Kila Jumapili, Wakesho. Na siku nyingine nilijiona mtu mwema kwa kujaribu." Akaivua aproni. "Kumbe hakunikosea kitu."

Akaenda chumbani akavaa gauni jeusi. Ni safari ndefu kutoka Hjulsta mpaka Jordbro, treni ya chini mpaka katikati ya mji, halafu ya juu kuelekea kusini, na njia nzima alitazama mbele tu. Nje kulikuwa na ule mwanga wa kijivu unaotangulia theluji. Katika kila kituo watu walipanda na mifuko ya dukani iliyojaa.

Nyumba ya Anti Mercy ilikuwa imejaa mpaka ngazini. Tulivua viatu tukapenya. Wanawake walipomwona Mama walikunja miguu kumpisha. Binti wa Anti Mercy, Mwende, alikuwa amekaa sakafuni kwenye godoro, macho yamevimba. Mama alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akaongea kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Mwanangu, mama yako alitaka kuja kwangu nilipofiwa. Alikuwa njiani na watu wake wote. Mimi ndiye niliyesema wasije. Mimi ndiye niliyetaka kuwa peke yangu. Halafu nikamlaumu yeye miaka hii yote, na yeye akaninyamazia. Niombee msamaha kwake, maana mimi nimechelewa."

Mama Furaha, ambaye sasa anatembelea mkongojo, aliitikia kutoka kwenye kiti chake, "Mungu anasikia, mama. Mungu anasikia." Mwende alimwangukia Mama kifuani.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilivuta pumzi ya kusema. Mama, bila kugeuka, alirudisha mkono mmoja nyuma akanishika kifundo cha mguu, akakibana kwa nguvu, kama alivyokuwa akinibana kanisani nilipokuwa mdogo ili ninyamaze. Ningeweza kusema hata hivyo. Nilikaa chini nikaanza kulia, na mwanamke nisiyemjua aliyekuwa kando yangu akanivuta kichwa akakilaza mapajani mwake, akawaambia wengine kwamba huyu binti alimpenda sana marehemu.